Mgao wa Vidonge vya Rangi Mbili

Barua ya wifi Sabina ilinifikia Jumanne wakati wa maharage, na kwa kuwa maharage ya shule yetu ni afadhali uyale bila kuyatazama, niliifungua pale pale mezani. Aliandika kwamba Mama Pili amefariki, kwamba wamemzika kwao Tabora, na kwamba wanawake wa machimboni walipanda lori la pamba kwenda kuzika, wakarudi na nyuzi za pamba vichwani kama vikongwe. Nilicheka. Kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa Mama Pili amenifinya sikio, ananiambia mdomo wangu ungefaa kufungwa juu ya gari la zimamoto. Baada ya hapo nikaisukuma sahani kando. Aliyekaa kando yangu akauliza, "Nani kafa, mama yako mdogo?" Nikasema, "Nesi." Akasema, "Nesi tu?" Akaendelea kula, na mimi nikaikasirikia ile "tu" hadi usiku. Nina miaka kumi na tisa, niko kidato cha sita hapa Shinyanga. Kwa hesabu za bwenini mimi ni bibi kizee, na bibi kizee ana haki ya kusimulia mambo ya kale bila kukatizwa.

Kale yenyewe ni mwaka wa kidato cha pili, wakati askari wanarudi kutoka Uganda na sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa. Mwaka ule nilisimamishwa masomo. Mkuu wa shule alikuwa na kikohozi chake, kimoja kifupi na viwili virefu, ambacho kilitangulia kila tangazo. Asubuhi moja nilikikohoa mimi nyuma ya mstari, na wanafunzi mia tatu wakasimama wima kabla mwenyewe hajatoka ofisini. Nikaandikiwa barua ya kukaa nyumbani hadi mwaka mpya. Nyumbani hawakutaka kuniona, nami siwalaumu, wakanitia kwenye basi la Geita niende kwa kaka Masanja. Kaka alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Nilidhani nitawakuta watu wanang'aa. Nilikuta watu wa rangi ya vumbi wanaofanana wote, hata kaka yangu nilimtambua kwa pengo.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, kati yake pazia la gunia. Kwangu kulikuwa upande wa magunia ya mawe na debe la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikakaushwa hadi vikawa kama vigae. Asubuhi wifi Sabina aliichemsha, akaponda karanga, tukala tukitazama ziwa la ukungu bondeni. Sabina alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mtoto wa wakatoliki kweli kweli, na rozari aliitundika kwenye msumari mmoja na chujio la chai. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya kaka, maana kazi ya wanawake pale ni kutwanga mawe kwenye kinu cha chuma hadi yawe unga, na alitwanga mpaka tumbo likamzuia kuinama, akaanza kutwanga amekaa. "Wifi," aliniambia siku ya kwanza, "nimesikia umefukuzwa kwa kukohoa. Hapa kohoa utakavyo, kila mtu ana kifua." Nikampenda hapo hapo.

Sasa lazima nieleze duara, maana bila duara hakuna kisa. Duara ni shimo, na duara pia ni wale wanaume wanaolichimba pamoja. La kaka lilikuwa na watu sita. Mawe wakiyatoa shimoni huyaleta uani kwetu, kwa kuwa mwanamke hasogelei mdomo wa shimo, dhahabu itakimbia, ndivyo wanavyoamini. Uani wanayagawa kwa karai. Karai hili kwako, hili kwake, hili kwake, mpaka libaki jiwe moja, na lile jiwe moja linapasuliwa kwa nyundo vipande sita. Mgawaji alikuwa Mzee Luhende, mtu wa makamo mwenye jicho moja zuri na jingine la kutishia. Akimaliza husimama, anauliza mara tatu, "Yupo asiyepata?" Wakinyamaza mara zote tatu, mgao umefungwa, na atakayelalamika baadaye ataitwa mchawi. Sheria hiyo haikuwa ya mawe peke yake. Nyama, tumbaku, samaki aliyeletwa na shemeji wa mtu, chochote kilichoingia kwenye duara kiligawanywa. Niliwahi kuona wanaume sita wakigawana kipande cha sabuni kwa uzi. Kwao mtu kula peke yake ni aibu kubwa kuliko kuiba.

Siku moja mchana kaka alirudi kutoka Geita mjini na kijipakiti cha karatasi. Wenzake walikuwa wameshakaa uani wanamsubiri, wamejipanga kama watu wa msibani. Nikasikia Mzee Luhende anaita, "Msomi! Njoo utusaidie hesabu." Nikatoka kwa maringo. Juu ya sahani ya bati palikuwa na vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu, nusu njano, vinavutia kama shanga. Nikauliza, "Dawa ya nini?" Kaka akasema, "Ya mgongo." Nikawatazama. "Wote sita mgongo?" Mzee Luhende akajibu, "Shimo ni moja." Jibu likaniridhisha, na hapo ndipo ninapojishangaa hadi leo, mimi ambaye darasani nabishana na mwalimu hata kama ananisifu. Nikahesabu ishirini na nane. Kwa sita, nne nne, baki nne. Wakatazamana. Vidonge vinne kwa watu sita, na nyundo haifai. Nikasema ngojeni. Nikavifungua vile vinne kimoja kimoja, nikamwaga unga wake kwenye sahani, nikausawazisha kwa kisu, nikaukata mafungu sita yaliyolingana hata mfamasia angeona wivu. Kila mmoja akalamba lake. Nyuso zilivyokunjamana! Mzee Luhende akauliza mara tatu kama yupo asiyepata. Mgao ukafungwa. Wakanisifu, wakasema serikali isiyo na akili ndiyo inayomfukuza mtoto kama huyu shule.

Wiki mbili zikapita. Nikakanyaga kipande cha jiwe, kisigino kikavimba, nikachechemea kwenda zahanati, mwendo wa saa nzima kwa mguu mzima na saa mbili kwa mguu wangu. Foleni ilikuwa ya wanawake, wengi wajawazito, wamekaa kwenye magogo, na foleni ikinyamaza mimi naumwa zaidi. Nikaanza kuwasimulia ule mgao. Niliigiza kila kitu, karai, jicho la Mzee Luhende, kaka yangu akilamba unga na kutoa ulimi kama mbuzi. Sikutaja majina, nilisema "wanaume fulani na migongo yao." Wanawake walicheka hadi mmoja akaomba apishwe asije akazalia pale. Nikaona mlango wa zahanati umefunguliwa na nesi amesimama, mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Hakucheka. Akaniuliza, "Vidonge vilikuwa vya rangi gani?" Nikasema nyekundu na njano. Akauliza vingapi. Nikasema. Akanishika sikio, ndilo lile sikio, akanipitisha mbele ya foleni nzima, akafunga mlango.

Chumba chake kilinuka dawa ya kuoshea vidonda na chai ya tangawizi. Jiko la mchina, la mafuta ya taa, lilikuwa linachemsha sindano kwenye sufuria, zinagongana kama vijiko. Alinisafisha kisigino huku ananiuliza maswali polepole, kwanza kwa nini siko shule, kisha vidonge, hadi nikajua mwenyewe kwamba ule haukuwa mgongo. "Kisonono," akasema. "Unalijua neno hilo?" Nikasema nalijua kwenye ukuta wa choo cha shule. Akasema, "Basi leo ulijue kwenye zahanati." Mimi nikiogopa, nauliza. Nikamuuliza kama ni kweli kinatokana na kukalia jiwe lililopashwa na jua, maana wanaume wa duara walikuwa na mawe yao wasiyoyakalia kabisa. "Jiwe halina zinaa," akasema. "Wala mkojo wa mbwa, wala miwa mingi. Kinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa njia moja unayoijua." Nikauliza mtu anajuaje kama anacho. Akasema mwanamume mara nyingi hujua upesi, akikojoa anaona moto, anatokwa na usaha. "Na mwanamke?" Hapo akaacha kisigino changu. "Mwanamke mara nyingi hajui kitu. Anatwanga, anapika, anaimba kanisani, na ugonjwa uko ndani umekaa kimya. Ndiyo maana tukimtibu mume bila mke tumefanya kazi ya kuchota maji kwa chujio."

Nikauliza, kama kila mmoja alipata vinne na kitu, si kila mmoja alipona kidogo? Akanitazama kama vile nilikuwa mtihani wake. Akasema dozi ile ni ya mtu mmoja, kimoja mara nne kwa siku, siku saba, hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili. Ukila kidogo, wadudu dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, na sasa wameshaionja dawa. "Umewapeleka shule," akasema. "Wewe mwenyewe umefukuzwa, lakini wadudu umewasomesha." Nikataka kucheka, nikakosa. Nikauliza nani alianza, kati ya wale sita. Akasema, "Ukianza kutafuta aliyeanza utafika kwa Adamu, na njiani watu watapigana mapanga. Mimi sitafuti aliyeanza. Natafuta ambaye hajatibiwa." Nikauliza kama hakuna kinga. Akavuta boksi kutoka uvunguni mwa meza, ndani mna mipira, akanieleza inavyotumika kama mtu anavyoeleza matumizi ya kijiko. "Inachukuliwa?" nikauliza. "Inachukuliwa sana," akasema. "Wanafungia baruti isilowe shimoni. Mwamba una kinga, wao hawana."

Nikawa naondoka, ndipo akauliza, "Kati ya hao sita, yupo mwenye mke mjamzito?" Nikauachia mlango niliokuwa nimeushika, na hilo lilikuwa jibu. Akakaa. Akaniambia kwamba mtoto akipita mahali penye ugonjwa ule anaupata machoni. Siku chache tu baada ya kuzaliwa macho yanavimba, yanatoa usaha, na yasipotibiwa haraka mtoto anapofuka akiwa hajamwona hata mama yake. Alikuwa ameshawaona wawili katika kazi yake. Aliposema wawili hakunitazama. "Wifi yangu amebakiza mwezi na kitu," nikasema. Akasema, "Siwezi kumwendea mke wa mtu kwa habari niliyoisikia kwenye foleni, tena kwa kichekesho. Kaka yako aliambiwa alikotibiwa amlete mkewe, lazima aliambiwa, tunawaambia wote. Mwambie aje naye. Wote wawili, siku moja. Kaka yako nitampa vidonge vyake, mama mjamzito vile havimfai, yeye nitamchoma sindano."

Nilimwambia kaka siku ile ile, nyuma ya nyumba, namwangalia miguuni. Mdogo wa kike kumwambia kaka yake jambo la namna ile ni sawa na kumvua nguo sokoni. Akaanza kucheka. "Minza, huu ni utani kama ule wa kukohoa." Nikamwambia la macho ya mtoto. Akaacha kucheka. Akasema amepona. Nikamwambia hajapona, niligawa mwenyewe. Akasema mbona Sabina haumwi? Nikamweleza kwamba mwanamke anaweza kukaa nao bila kuumwa. Akachuchumaa, akachora mistari chini kwa kijiti. "Nikimwambia, kesho yuko Ushirombo kwa baba yake. Na nikienda kutibiwa peke yangu nimekula dawa peke yangu, hawa wenzangu nitawaangalia vipi? Ngoja tumalize kutoa mzigo huu wa mawe. Halafu nitamwambia. Wewe nyamaza." Nikanyamaza. Nataka niandike sentensi hiyo wazi, bila mapambo: nilinyamaza siku tisa.

Zile siku tisa nilichekesha kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Kila wifi alipokaa kimya nilimletea kichekesho. Nilimwigizia padri wao wa Ushirombo nisiyemjua, naye akanisahihisha, "Hapana, yeye anavuta kamasi kabla ya amina." Alinipikia ugali wa muhogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, akaniwekea kipande cha furu ambacho yeye hakujiwekea, akasema mtoto aliye tumboni hapendi samaki. Jioni alikuwa anashika tumbo, anasema, "Wifi, huyu atakuwa mtani wako, anapiga teke ukianza kuongea." Mimi nilitazama tumbo lile na kuona macho mawili yamefumba. Nilijaribu kumwambia. Nilianza, "Wifi, kuna jambo," akasema, "Lipi?" nikasema, "Mkuu wa shule ana vidole sita." Hana.

Siku ya tisa mzigo wa mawe ukatoka. Wanaume walikaa uani, karai likazunguka, jiwe la mwisho likapasuliwa. Sabina alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, anatwanga mdogo mdogo. Kaka hakumtazama hata mara moja, na nikajua hatasema, si leo wala wiki ijayo. Mzee Luhende akasimama. "Yupo asiyepata?" Kimya. "Yupo asiyepata?" Kimya. Akavuta pumzi ya mara ya tatu, na kabla hajaimaliza nikasikia sauti yangu, nyembamba, si ile ya vichekesho, inasema, "Yupo."

Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kujibu swali lile. Mmoja akasema, "Mayu wane, mama yangu!" kama aliyeona nyoka. Mzee Luhende akanigeuzia lile jicho la kutishia. "Nani?" Nikasema, "Sabina. Ugonjwa mlimgawia. Dawa hamkumpa." Kinu kikanyamaza. Kaka akasimama, akanyanyua mkono, nikafumba macho nisubiri kofi. Halikuja. Mzee Luhende alikuwa amemshika mkono, anamwambia kwa sauti ya chini, "Masanja, sheria ni yetu. Mtoto ametumia sheria yetu." Nilipofumbua macho Sabina alikuwa amesimama katikati ya uani, unga wa mawe hadi viwikoni, kama mtu wa chokaa.

"Ugonjwa gani?" akauliza. Hakuniuliza mimi. Kaka akasema, "Tuingie ndani." Sabina akasema, "Hapana. Kama hawa wamelijua uani, na mimi nitalijulia uani." Kaka akalisema. Alilisema vibaya, maneno yamegeuka nyuma mbele, kwanza mjini, kisha vidonge, kisha kilabu cha pombe, kisha samahani. Sabina alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu, "Na mtoto?" Kaka akanitazama mimi, nami nikamweleza, macho, siku chache, sindano, na kwamba bado kuna nafasi. Hakulia, hakumpiga. Aliingia ndani akanawa, akavaa kitenge cha kwenda misani, akachukua rozari kwenye msumari, akatoka. "Jua bado liko juu," akasema. "Twendeni zahanati." Akatangulia. Kaka akafuata kwa mbali, kisha Mzee Luhende, kisha wale wanne, na nyuma kabisa mimi na kisigino changu. Zahanati, Mama Pili aliwaingiza mmoja mmoja. Alimpa kila mwanamume pakiti yake, akamfanya ameze kimoja mbele yake, akamwambia siku saba, hakuna pombe, hakuna kumkaribia mtu hadi arudi apimwe, na amlete au amtaje yule aliyekuwa naye, hataulizwa zaidi. Mzee Luhende akauliza kwa heshima zote kama dawa ikibaki wanaweza kuikusanya. Sitayaandika maneno aliyojibiwa. Sabina alichomwa sindano mbili, moja kila upande, na alitoka akitembea kama bata, ameuma meno.

Hakwenda Ushirombo. Alisema anazaa kwanza, mengine ataamua akiwa na mikono miwili. Kaka alihamia kwenye kibanda cha wenzake, chakula anapelekewa mlangoni na mimi. Mtoto alizaliwa zahanati, wa kike, asubuhi, na kabla hajafungwa nguo vizuri Mama Pili alimpangusa macho, akamtia dawa, mstari mwembamba wa mafuta kwenye kila jicho. Akasema tungoje, siku ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikaa pale zahanati siku zote nne. Sikuchekesha mtu. Kila alfajiri Sabina alimpeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, anamtazama kope kwa kope, na mimi natazama juu ya bega lake. Siku ya tano Mama Pili alivua miwani, akamgeuza mtoto huku na huku, akasema, "Masafi. Mpelekeni nyumbani." Akatoka nje, nikamsikia anapenga kamasi kwa nguvu.

Tulibaki wawili na mtoto. Sabina alikuwa anamnyonyesha, na mtoto amefumbua macho, meusi, makubwa, hayana hata tone. Nilikuwa nimejaa furaha, nikaanza kutafuta neno la kuchekesha. Sabina akanitangulia. "Minza," akasema, na hakuwahi kuniita jina langu kabla ya siku ile. "Ulijua tangu lini?"

Nikasema, "Siku tisa kabla ya ile siku ya uani."

Akahesabu kimya kimya, nikaona midomo inasogea. "Ile siku ya furu ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, wifi."

"Na ukala."

"Nikala."

Akamhamishia mtoto ziwa la pili, akamfunika kichwa. "Sikusemi kwa yale ya uani," akasema. "Yale umeniokolea mtoto. Nakusema kwa zile siku tisa. Mwili ulikuwa wangu. Wanaume sita walijua, nesi alijua, na wewe ulijua, mimi peke yangu nilikuwa natwanga mawe." Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha. "Ukijua tena jambo la mwili wangu, usitafute mahali wala wakati mzuri. Niambie hata nikiwa na mtungi kichwani. Nitautua mwenyewe."